Kombe wa Bahari Pale Nyamongo

Siku yangu ya kwanza kazini Nyamongo, Mkurugenzi wa hoteli alinipokea huku akifuta kioo cha tangi kwa kitambaa. Dhahabu ilikuwa imepamba moto, kila mwenye fedha akijenga, na yeye aliamua kuweka bahari ndani ya tangi ukumbini, niitunze mimi: maji ya chumvi, matumbawe, samaki, na kombe wakubwa wa kufugwa. Nasema kombe wa baharini, mwenye magamba mawili, si kombe la mpira. Nimechoka kuulizwa.

"Mama Rhobi," aliniambia, "mimi nataka maji yang'ae. Basi."

Ningejua hiyo "basi" ingenitesa kiasi gani, ningerudi kwetu Itiryo na gari lile lile.

Nilikuwa nimetumikia kituo cha kufugia viumbe vya bahari huko Pwani, chini ya Bwana Mifugo mkali sana, kwa hiyo kombe nilimjua. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo mno. Mwani huo ukipata taa kali hutengeneza chakula, naye kombe anakula humo humo. Lakini mwani unataka rutuba kidogo, na katika tangi rutuba hutoka kwenye mkojo na kinyesi cha samaki. Ikizidi, matumbawe hufunikwa na ukijani. Ikiisha, kombe hufa njaa ndani ya maji mazuri ajabu.

Nilimweleza Mkurugenzi. Nikamweleza tena. Alipotarajia wageni wakubwa kutoka Tarime, akaamuru samaki wote wahamishiwe pipani nyuma ya jiko, na mashine ya povu, ile inayokamua uchafu majini, isizimwe kabisa.

Baada ya majuma machache, kombe wa buluu walipauka kama utumbo uliochemshwa. Kombe mzima ukimpitishia mkono juu hujifunga upesi; hawa waliachama tu. Mmoja akafa.

"Weka taa ya buluu," Mkurugenzi akasema. "Rangi itarudi."

"Hiyo itakuwa rangi ya taa, bosi. Hawa wana njaa."

"Njaa? Kwenye maji safi hivi?"

"Wewe umelima mahindi. Ardhi iliyochoka inakupa nini?"

"Mama, usinichanganye. Hii ni hoteli."

Nikaweka funguo kaunta. "Basi wapike supu waliobaki, wangali hai."

Akamtazama yule kombe mkubwa kuliko wote, ambaye kila asubuhi alimsalimia kabla ya kumsalimia mkewe. "Rudisha samaki," akasema kwa sauti ndogo.

Nikawarudisha, nikawalisha kidogo kidogo, mashine nikaipumzisha mchana. Kombe wakapata rangi ya kahawia kwanza, kisha buluu yao ikarudi. Na wageni walipouliza, Mkurugenzi alijibu: "Siri ni usafi!"

Nilimsikia akisema hivyo hadi nilipostaafu. Vijana mnaoniuliza dawa ya kombe, mimi sina dawa. Mtazameni nyama yake kabla ya kutazama kioo.

Siku ya kuniaga walichinja mbuzi. Mkurugenzi akanishukuru kwa hotuba ndefu, kwamba nilimwoshea tangi vizuri. Nikapiga makofi na wengine. Kisha nikainuka kuwapa samaki chakula, maana hakuna aliyekumbuka.