Uwanja wa Ottilie Uliopandwa Viazi

"Ukitia jembe hapo, Mama, unizike humohumo!"

"Nikuzike? Urefu huo wote? Kaburi lako litanilia matuta mawili ya viazi!"

Mama Walburga alisimama nyuma ya nyumba yao, pale Homburg, Ujerumani, kikapu cha mbegu za viazi kiunoni. Bintiye Ottilie alikuwa amekaa katikati ya shamba, raketi mapajani, kama kuku anayeatamia.

Zamani shamba hilo lilikuwa uwanja wa tenisi. Marehemu baba yake alisaga matofali mekundu akayatandaza hapo, na Ottilie akaumwagilia maji uwanja na kuushindilia kila asubuhi tangu ana miaka kumi. Akapata mkono ambao, wasiopenda uongo wazibe masikio, ulipiga mpira mpaka kunguru wakahama mnara wa kanisa. Vikombe vitatu vya fedha alivileta nyumbani. Mwaka 1914 akaingia fainali ya wawili wawili pamoja na Lorenz Uhde, fundi saa wa mtaa wa pili. Seti ya kwanza wakashinda. Kabla ya ya pili vita vikatangazwa, wavu ukashushwa, Lorenz akapanda treni kwenda vitani, akatekwa na Warusi.

Njaa ilipobisha hodi, Ottilie mwenyewe ndiye aliyeufukua uwanja. Hakulia. Njaa haina miiko.

Sasa ni mwaka 1920, theluji imeyeyuka, na chama cha tenisi kimetangaza mashindano ya Juni. Viazi vikiingia leo, havitoki kabla ya Septemba.

"Una miaka thelathini na tano, Tilli. Mkono nao huzeeka."

"Ndiyo maana siwezi kungoja mwaka mwingine."

"Ucheze na nani? Tangu tushindwe vita, Wafaransa hawakutaki, Waingereza hawakutaki."

"Na Lorenz. Alisema seti ya pili tutaimaliza."

"Alisema! Hata baba yako alisema ataziba paa."

Ottilie akacheka. "Nipe nusu basi, Mama. Wewe panda ng'ambo ya wavu."

"Halafu viazi ndivyo vitakurudishia mpira?" Mama akatua kikapu, sauti ikashuka. "Mwanangu, mtu aliyefungwa Siberia miaka yote hiyo, akirudi, hatataka mpira. Atataka kiazi cha moto na chumvi. Na wewe utamwambia..."

Lango likalia. Likaingia koti la kijeshi, pana, kana kwamba limekuja peke yake. Ndani yake, mbali, alikuwamo Lorenz.

Macho yake yakatua kwenye kikapu. Yakakaa hapo. Kisha, polepole, yakapanda hadi kwenye raketi.