Mabawa Ndani ya Shimo la Ndizi

Usiku ule Rozalia hakuwasha moto, na haikuwa kwa sababu ya amri ya vita ya kuzima taa peke yake. Alikaa gizani nyuma ya mlango, kanga begani, akisikiliza kama kuna mtu atakayemletea habari za Audax. Mwanawe alikuwa amefungiwa ghalani tangu jioni, na asubuhi lori lingempeleka wilayani. Huko, watu walisema, mtu huulizwa maswali mpaka akasahau jina la baba yake.

Kosa la Audax lilikuwa ndege ya mti.

Audax hakuwa mtu wa makuu. Walihama kutoka Keza baada ya baba yake kufariki, naye akaja na patasi mbili za marehemu na mkono mwepesi. Walipopangiwa nyumba katika kijiji cha ujamaa pale Nyamigogo, haikupita muda kila kaya ikawa na mwiko wake, kinu chake, kigoda chake. Vita ilipoanza, Celestini, aliyekuwa akiwafundisha mgambo, alimwomba amchongee ndege ya kuwafundishia watu kuzitambua za adui. Watu walikuwa wakikimbilia migombani hata ikipita ndege ya kuleta dawa, na siku moja mzee mmoja aliteguka mguu kwa kuikimbia ndege ya padri.

Celestini alichora maumbo mchangani kwa kijiti. Audax akayatazama, akaenda kukata mrinzi, ule mti mwepesi wa maua mekundu. Kuchonga ndege nzima kwa kila aina kungemaliza mti na msimu wote. Basi akachonga kiwiliwili kimoja tu, chenye matundu mabegani, puani na mkiani, kisha akatengeneza vipande vya kubadilisha, kila fungu likiwa limefungwa kwa kamba ya mgomba. Ukichomeka mabawa yaliyonyooka na pua yenye pangaboi, una ndege ya abiria. Ukiyachomoa ukatia mabawa yaliyolala nyuma na pua iliyo wazi kama mdomo wa chupa, una ndege ya vita. Hapo ilibaki mikia miwili: mmoja una rangi zetu, mwingine rangi za adui.

"Mwili mmoja, kanzu tatu," Rozalia alimtania. "Wewe mwenyewe unayo moja, na imetoboka."

"Ndiyo maana sipigwi risasi, mama. Kila mtu ananitambua."

Kisha Celestini akapelekwa mbele, ng'ambo ya Mto Kagera, na nafasi yake akaishika Malongo, Msukuma mrefu asiyemjua mtu pale kijijini. Siku ile Audax aliyofungiwa, Malongo alipopita kwenye karakana yake alikikuta kiwiliwili mezani na, kando yake, kibao Audax alichojaribia rangi za adui. Akauliza maswali. Rozalia aliyaona hayo kwa mbali, akitoka kuteka maji. Hakusubiri kusikia majibu. Alikimbia nyumbani, akakitoa kikapu cha vipande kilichokuwa chini ya kitanda cha Audax, akatafuta mahali ambapo hakuna askari ambaye angetia mkono.

Jirani yake Auleria alikuwa amefukia ndizi za pombe siku hiyohiyo ili ziive kwa joto. Shimo lilikuwa limeshatiwa moto wa pembeni, moshi umepulizwa ndani, majani na udongo vimewekwa juu. Shimo la ndizi halifunguliwi kabla ya wakati wake, hilo kila mtoto analijua. Rozalia alifukua pembe moja, akakisukuma kikapu ndani, akafukia.

Hakujua kwamba wakati uleule Audax alikuwa akimwambia Malongo, "Njoo nyumbani nikuonyeshe vipande vingine. Ni vya mafunzo." Wakaja, wakainama, wakakuta uvunguni hamna kitu. Audax akamtazama mama yake. Rozalia akaangalia chini, maana aliogopa kwamba akisema alificha, wote wawili wataonekana wana la kuficha. Hivyo mwanawe akaondoka akiwa mwongo.

Hakuna aliyekuja usiku ule. Jogoo wa kwanza alipowika, Rozalia alikuwa mlangoni kwa Auleria.

Auleria alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Rozalia, shimo likifunguliwa sasa, ndizi hazitoi maji. Utazikamua mpaka utoke jasho wewe."

"Najua."

"Na wakwe wa Clotilda wangu wanakuja Jumamosi."

"Najua, dada. Nitakata mikungu yangu yote."

"Mikungu yako ni mibichi kuliko hii." Auleria alivuta pumzi. "Kwa nini hukuficha kwenye mtungi kama watu wengine?"

"Mtungi kila mtu anaufunua."

"Ni kweli." Auleria alichukua jembe. "Basi wakwe watakunywa uji. Kama wanampenda binti yangu kwa sababu ya pombe, afadhali nijue mapema."

Walifukua. Joto likawapiga usoni. Kikapu kilitoka kimekauka, na vipande vyote vilikuwa vimegeuka rangi ya kahawa kwa moshi. Rozalia aliishika mikia miwili, huu na huu. Haikutofautiana hata kidogo. Lakini lori lilikuwa limeshawashwa huko barabarani, akaenda hivyohivyo.

Malongo alikuwa amesimama mbele ya ghala, ufunguo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi niliyeficha. Yeye hakujua."

Malongo alikipokea kikapu, akanusa, akamtazama Auleria, ambaye alimwambia, "Ni moshi wa ndizi. Usiniulize, bado nina uchungu." Mwanamume yule akachuchumaa, akachukua kile kiwiliwili alichokuwa amekinyang'anya jana, akatia mate kwenye kidole akasugua mkia mmoja, kisha wa pili. Chini ya masizi rangi zilichungulia, kila mkia na zake. Akachomeka bawa lililonyooka. Likaingia. Akachomeka pua ya chupa. Ikakataa. Akageuza. Ikakataa tena.

"Hii inakwendaje?"

"Sijui, mwanangu. Mimi hupika tu."

Dereva wa lori alipiga honi. Malongo aliendelea kusukuma ile pua, paji la uso limekunjamana, mpaka Auleria akasema taratibu, "Utaivunja, kamanda, halafu mgambo wako watakimbia tena ndege ya padri."

Malongo akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Akainuka, akampungia dereva mkono aende. Kisha akaingiza ufunguo, kufuli likalia, na mlango wa ghala ukafunguka. Audax alisimama pale, macho yamefinywa na mwanga, akaviona vipande vyake kikapuni miguuni pa mama yake, vikinuka moshi wa ndizi.

"Mama," alisema, "umeviivisha?"