Gauni Nililomchorea Mama

Juzi, mjini Kahama, nilimwona binti akichora mishono ukutani kwa fundi cherehani. Magauni matupu, hayana vichwa. Nilisimama pale hadi machozi yakanitoka.

Nami nilianza hivyo. Mama alishona barazani kwetu, nami nikiwachorea wateja wake mishono kwa chaki. Alasiri moja, baraza ikinukia mafuta ya cherehani na kitambaa kipya, aliniambia, "Mwanangu, nichoree gauni langu mwenyewe. Mikono mirefu, lisinibane."

"Unaenda harusini?"

Alicheka, kisha akakohoa sana. "Safari hii nichore na uso."

"Ah, Mama! Kwani fundi anashona uso?"

Shangazi, aliyeketi nasi barazani, naye alicheka, halafu akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Nilidhani bado anacheka. Nikachora gauni tupu.

Tulimzika nalo. Hakuacha hata picha moja.

Nimechora mitindo ya nguo maisha yangu yote, na uzeeni nikahamia kuchora watu, kwa ajili yake tu. Shingo yake naipata, hata vidole. Usoni, kila nikijaribu, anatokea mwanamke nisiyemjua.