Mbuzi wa Ntheo na Kompyuta ya Mwende

Siku ile haijanitoka hata leo, mwanangu, ingawa miaka imekwenda mingi. Nilikuwa msichana wa umri wako hivi, kwetu Mbooni, si mbali na soko la Kikima, nimeachwa nyumbani peke yangu na mbuzi watatu. Hawakuwa mbuzi hivi hivi tu. Walikuwa mbuzi wa ntheo, wale ambao sisi Wakamba tunapeleka kwa kina msichana ili ijulikane ameposwa. Kaka yangu Mutinda alimtaka Syombua, binti ya mzee Kilonzo, na mbuzi walikuwa waende keshokutwa.

Basi nikiwa natwanga mahindi asubuhi hiyo, akaingia mzee mmoja nisiyemjua, kofia kichwani na koti safi.

"Kalunde! Umekua hivi? Mama yako Mutheu hajambo? Na bibi yako Nthenya, ule mguu umepona?"

Mguu wa bibi yangu! Hata huo aliujua. Akataja wajomba zangu wote, akataja ukoo wetu, akamtaja Syombua na baba yake. Nikamletea uji. Akanywa, akapangusa mdomo, akasema wazee wamemtuma atangulie na mbuzi kwa sababu njia ni ya milima, wao watafuata. Nikawafungua mbuzi kwa mikono yangu mwenyewe. Nikampa hata mukwa wangu, ule mkanda wa ngozi niliobebea kuni, awafunge vizuri. Tena nikamwambia asante.

Bibi yangu Nthenya, ambaye tulimwita Susu kama mabibi wote wa kwetu, alirudi kutoka shambani na mzigo wa mbaazi, akakuta kamba tupu.

"Alijua majina yetu yote, Susu," nilimwambia nikilia.

"Majina yetu yanaitwa kanisani kila Jumapili na mtoni kila siku. Nani hapa hayajui? Wewe ulimuuliza nini?"

"Ningemuulizaje mtu mzima?"

"Ungemwongeza uji! Ungemwambia, ngoja, Susu yuko njiani. Aliyetumwa kweli angengoja."

Hakunichapa. Heri angenichapa. Mzee Kilonzo aliposikia alisema, watu walioshindwa kulinda mbuzi watatu watamlindaje binti yangu? Mutinda alikaa misimu miwili ya mvua akitafuta mbuzi wengine, na Syombua akamngoja, Mungu amrehemu. Lakini muda huo wote kaka yangu hakunitazama usoni.

Sasa nisikilize vizuri, maana sikushika kalamu kwa ajili ya mbuzi.

Juzi hapa Matinyani nilikoolewa, mjukuu wangu Mwende alikuwa mezani na kompyuta yake, anaomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Huyu mtoto ameutaka unesi tangu alipokuwa akiwafunga kuku wangu bandeji. Maombi yalikuwa yanafungwa saa kumi na moja jioni hiyo, na akichelewa ni kukaa mwaka mzima. Mimi nilikuwa kando yake nasuka kyondo changu, kikapu cha mkonge.

Mara akapiga meza. "Susu, hii kitu imenizuia tena! Ina kimbelembele kama kiranja!"

Nikatazama, skrini imekuwa nyekundu yote. Mwende ana kitu alichowekewa na mwalimu Mumo ndani ya kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Wao wanakiita kiendelezi cha usalama. Mimi nakiita mlinzi. Kabla ukurasa haujafunguka, kinaangalia umetoka wapi, na kama ni wa wale wanaoiba nywila za watu au kupenyeza virusi, kinakusimamisha mlangoni. Nilisoma hadi darasa la tatu tu kwa mwalimu Musembi, mwanangu, lakini hilo nililielewa upesi kuliko hesabu zake zote.

"Inasema nini?"

"Eti ukurasa ni hatari. Uongo mtupu! Ona jina la chuo, ona na picha ya geti. Rafiki yangu Kavata ndiye alinitumia hii linki. Wacha nikizime dakika mbili tu."

Nami, na uzee wangu huu, nikachungulia. Nikalisoma lile jina polepole, nikaona ni lenyewe.

"Si ndilo hilo? Kizime basi, saa inakwenda."

Kidole chake kilikuwa tayari kimeshuka kwenye kitufe ndipo nikamkumbuka yule mzee. Nikauona uji, nikaliona lile koti safi.

"Ngoja kwanza. Jina hata mimi naliona. Huu ukurasa kwao ni wapi?"

Akacheka. "Susu, ukurasa hauna kwao!"

"Ile karatasi mliyopewa shuleni inasemaje?"

Akaitoa kwenye begi huku amenuna. Anwani ya chuo kwenye karatasi ilikuwa moja, na iliyokuwa juu ya skrini ilikuwa nyingine kabisa. Mwende akaufunga ule ukurasa. Angeandika kule kila kitu, hadi namba ya kitambulisho na nywila ya barua pepe, halafu akae akingoja jibu la chuo ambacho hakijawahi hata kumsikia.

Akaandika anwani ya karatasi kwa mkono wake. Mlinzi hakusema neno. Fomu ilikwenda saa kumi, kisha akampigia Kavata. Kumbe Kavata alikuwa amezima mlinzi wake wiki iliyopita kwa sababu anamsumbua, na alikuwa amejaza kule kwa wezi tangu asubuhi. Alikuja hapa mbio, kiatu kimoja mkononi. Wakabadilisha nywila yake, wakajaza fomu upya, na ikaenda dakika chache tu kabla ya kufungwa.

Kwa hiyo, mwanangu, weka huyo mlinzi leo. Mtoe kwenye duka la kivinjari chenyewe, si kwenye ukurasa unaokurukia na kupiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa. Mmoja au wawili wanaoaminika wanatosha. Usirundike kumi, kwa maana nao wanaona kila unachofungua. Ukiambiwa amepata sasisho, mpe. Wala usimwachie kazi yote ukalala, kwa sababu ukurasa mbaya uliotengenezwa leo asubuhi huenda hata yeye hajausikia. Siku nyingine atakosea azuie ukurasa mzuri, nawe utapoteza dakika tano. Zipoteze. Na mtu yeyote akikwambia uzime mlinzi ndipo uingie, muulize maswali yote ambayo mimi niliona haya kuuliza.

Chuo bado hakijajibu. Wasichana hawa wawili wanaangalia barua pepe kila wakipita karibu na kompyuta. Jibu likiwa ndiyo au likiwa hapana, litakuwa limetoka kwa wenyewe.

Nawe Mungu akutangulie kila unapobonyeza. Akupe moyo wa kumwambia hata mkubwa wako "ngoja kwanza" bila kumkosea heshima, na kila barua njema iliyoandikwa kwa jina lako ifike mikononi mwako.