Mimba Isiyokuwa na Mtoto

Kabla ya maradhi nilikuwa mzima wa kutosha, nalima muhogo kijijini kwetu Wambaa, nachuma karafuu msimu ukifika. Enzi za Sultani hizo. Nilipokosa damu ya mwezi, mavyaa wangu Bi Mkasi, mamake mume wangu na mkunga wa kijiji, alifurahi kuliko mimi.

Tumbo likakua mbio. La miezi mitatu likawa kama la sita. Nikitapika mpaka nyongo. Bi Mkasi akasema ni pacha. Mwezi wa nne damu ikaanza, mwanzo matone, halafu ikamwagika, na ndani yake vijipovu vya maji vilivyoshikana kama zabibu. Bi Mkasi alikuwa keshachana bafta ya kumzika mtoto. Akapekua beseni zima la damu kwa vidole.

"Mwanangu, hamna mtu humu," akasema. "Hino si mimba ninayoijua mie."

Hospitali wakanisafisha kizazi. Daktari akaeleza kwamba ile nguvu inayokuza mimba kwangu haikujua kukoma, na ikibaki hata chembe, yaweza kugeuka saratani ikapanda mapafuni. Siku hizi mpwa wangu muuguzi ananambia ni protini zinazoziamrisha seli zikue: zilezile zinazomjenga mtoto tumboni, saratani nayo huzitumia. Wakati ule nilielewa kimoja tu, kwamba naweza kufa.

Nikakatazwa kushika mimba mwaka mzima. Mkojo wangu ukipelekwa Unguja, anadungwa nao chura jike, kuona kama maradhi yamebaki. Chura huyo hutaga kwa mkojo wa mwenye mimba, na kwa wa mwenye maradhi yangu pia, kwa hiyo ningeshika mimba wasingejua lipi ni lipi. Bi Mkasi alinuna, eti mjukuu wake anazuiwa na chura. Nilichoka na safari, nilichoka na majirani kunitazama tumbo.

Mara ya mwisho Bi Mkasi alinifuata hospitali, yeye mwenyewe akamwuliza daktari.

"Huyo chura kataga?"

"Hakutaga, bibi. Mkweo hana kitu tumboni, maradhi yamekwisha."

Bi Mkasi akakaa sakafuni, akalia, akamshukuru Mungu kwamba sina mimba.

Dada zangu, mkitokwa na vitu kama vile, nendeni hospitali. Mkiambiwa mrudi, rudini hata mkijihisi wazima, hata mkichoka kama mimi. Mtoto sikujaliwa tena, na bado huniuma. Lakini nipo, alhamdulillahi.