Fundi Analala Kifudifudi

Ni fundi wa kuchomelea mageti, mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche, lakini kumlaza binti yake kifudifudi humtoa jasho. Kila jioni akishaoga hutandika blanketi sakafuni na kulipapasa lote, asije akakuta kipande cha chuma kimejificha, ndipo humshusha mtoto polepole. Mtoto akiguna tu, keshamnyanyua. "Amechoka," humwambia mkewe. "Umechoka wewe," mkewe humjibu, ingawa naye roho haijatulia. Mtoto wa jirani, aliyezaliwa wiki moja na binti yao, ameshaanza kuinua kichwa na kuchungulia watu, na wa kwao bado kabandika shavu chini. Nesi wa kliniki aliwaambia wasiwe na haraka, wamlaze tu akiwa macho, kidogo kidogo kila siku.

Jana mtoto alipoanza kulia, baba alinyoosha mikono, akajizuia, akaikalia. Kilio kikazidi. Mwisho akajilaza na yeye, pua kwa pua na mwanawe, akamwita kwa sauti yake ya kukwaruza, "Mama, niangalie. Niangalie baba yako." Mkewe alisimama mlangoni na sahani inayochuruzika maji, hathubutu kusogea. Kilio kikakatika. Kichwa kikayumba, kikapanda, na macho ya mtoto yakatua usoni mwa baba yake.

"Ameweza!" mkewe akapiga kelele.

Machozi yalikuwa yanamteleza fundi puani.

"Mama mtoto," alinong'ona, "mbona shingo inamtetemeka?"