Mkia wa Herufi Moja

Nakumbuka Jumatatu moja ya theluji, mwanangu, mwanamke alipoingia karakana yetu ya kuchonga vibao huku ugenini, Fridley, amekumbatia kibao cha shaba ndani ya koti kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Lakini nianzie mbali kidogo. Tulikaa kambi ya wakimbizi miaka mitatu zaidi ya jirani zetu, na aliyetukalisha ninamtaja: karani Bahati Lukogo. Kwenye fomu yangu aliandika M, akimaanisha mwanamke. Wazungu waliosoma wakaona mwanamume, maana kwa Kiingereza chao M ni *male*, mwanamume. Picha ya mama, herufi ya baba! Faili ikarudishwa. Bibi yako akafa tukingoja. Nilipomlalamikia Bahati alinijibu, “Mama, ni kaherufi tu.”

Basi tulipofika huku Fridley, kazi yangu ikawa kuandika maneno kwenye kompyuta, mashine iyachonge. Darasa langu la nne lilitosha kunakili. Ijumaa moja ikaja oda ya kanisa la Wamexico: kibao cha mlango wa Pasta Consuelo, mwanamke wa kwanza kuchunga kondoo pale. Aliandika kwa mkono wake kwenye karatasi: *1.ª Pastora*, yaani pasta wa kwanza wa kike. Wenzetu hao, namba yao hufuata jinsia. Ya kike hubeba kaherufi *a* pale juu, ya kiume hubeba *o*. Nilikuwa nimejifunza hayo kwa kuchonga vikombe vyao vya mashindano ya mpira. Nasi si tuna mtu wa kwanza, kanisa la kwanza? Ingawa Watanzania hunicheka kila Jumapili nikisema kanisa ya kwanza, kama tunavyosema kwetu.

Kwenye kompyuta ilikuwa imebaki *º* ya kikombe cha jana yake. Nikamwita msimamizi wetu, Dale.

“Dale, hapa inatakiwa *a*. Hii ni *o*.”

“Nani ataona? Ni kaalama tu. Chonga, tufunge.”

Nikachonga. Niliogopa kufukuzwa, nawe ulikuwa bado unanyonya.

Sasa Jumatatu hiyo Consuelo akakiweka kibao mezani.

“Jana mzee wa kanisa, Ernesto, aliwasomea watu mlangoni. ‘Mnaona? Hata shaba inajua kazi hii ni ya mwanamume.’ Wakacheka. Hata wanawake.”

“Ndivyo ulivyoandika wewe, mama,” Dale akasema.

“Nionyesheni karatasi yangu.”

Karatasi ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu tangu Ijumaa. Dale akanikazia macho. Mashine ilikuwa imezimwa. Nilisikia theluji ikidondoka kutoka viatu vya yule mama. Mkono wangu ukaenda wenyewe kuufunika mfuko.

“Imepotea,” nikasema.

Consuelo akautazama ule mkono. “Haya, *mija*,” akasema, ndivyo wanavyomwita binti yao. Akachukua kibao chake, akatoka.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Miaka yote nimemlaani Bahati, nami nimekuwa Bahati.

Wiki mbili sikulala vizuri. Ya tatu nikaipeleka ile karatasi kanisani kwake. Mlangoni nikakuta kibao kilekile. Consuelo alikuwa amechukua msumari, akaikwaruzia ile *o* mkia ubavuni. Imekuwa *a*. Imepinda, lakini *a*.

Nikampa karatasi, nikaanza kulia na kumsema Dale. Akaninyamazisha.

“Dale hakujua kuisoma. Wewe ulijua. Aliyejua ndiye aliyeandika.”

Akanimiminia kahawa.

Sitakudanganya, Bahati sijamsamehe, Dale naye bado. Ila kwenye orodha yangu ya wakosefu sasa na mimi nimo, tena juu.

Mwanangu, umepata kazi ya kuandika majina ya wagonjwa kwenye kompyuta kule Blaine. Najua utanijibu kwa Kiingereza kwamba mashine siku hizi hujisahihisha. Mdharau mwiba mguu huota tende. Siku mkubwa wako atakapokuambia ni kaherufi tu, ondoa kidole kwenye kitufe, useme kabla kosa halijaandikwa. Ukichelewa, usifunike mfuko. Toa karatasi hapohapo, hata kama mlango wa kazi utafungwa nyuma yako.

Mungu akupe jicho la kuona kilicho kidogo, na mdomo wa kukisema. Na popote jina lako litakapoandikwa, liandikwe na mtu aliyekutazama usoni kwanza.